Mafuta ya Ndege Ndogo: Hesabu ya Rubani na Mzigo wa Abiria

Mtu wa pwani akifika Moiben, kaskazini mashariki ya mji wa Eldoret, hushangazwa kwanza na pumzi zake mwenyewe. Anapanda kilima kidogo tu, anasimama katikati ya njia, anajifanya anatazama mashamba ya ngano. Huku tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Injini ya ndege ndogo nayo huhema hivyo hivyo. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza takribani moja kwa tano ya nguvu zake kwenye kimo cha Eldoret, hata kama imetoka gereji jana. Nguvu zikipungua, kila kilo huonekana. Na kitu ambacho rubani anaweza kukipunguza ili ndege iwe nyepesi, bila kumuudhi abiria yeyote, ni mafuta.

Nimekuja huku kwa shughuli za kifamilia, lakini mazungumzo ya ndege yamenifuata kutoka nyumbani. Tangu Oktoba 28, 2025, ndege iliyotoka Diani kuelekea Kichwa Tembo, Maasai Mara, ilipoanguka Kwale na kuua watu wote 11 waliokuwamo, kila baraza nililokaa lina swali lile lile: hizi ndege ndogo zina nini? Mwanzoni mwa mwaka huo huo, Januari 10, ndege nyingine ndogo iliangukia barabarani pale Kwa Chocha, Malindi, na waliokufa ni watu 3 waliokuwa chini na shughuli zao, hawana habari na safari ya mtu. Sizitaji ajali hizi kama mifano ya kuishiwa mafuta. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi, wala si ya watu wa baraza. Nazitaja kwa sababu ndizo zilizotufanya tuulize, na katika majibu yote yanayozunguka kwenye simu zetu sijaona hata moja linalogusa jambo ambalo abiria mwenyewe ana mkono ndani yake. Mafuta ni jambo hilo.

Ndege haijazwi kama gari

Kijana wa bodaboda huweka mafuta ya shilingi mia mbili. Yakiisha, analaza pikipiki ubavu, anaitikisa, anapata matone ya kumfikisha kituoni. Mwenye gari lake hufikiri kinyume: jaza tangi, moyo utulie. Wengi wetu tunadhani ndege iko upande wa mwenye gari. Haiko huko. Ndege nyingi, kubwa na ndogo, huondoka na mafuta ya safari ile pamoja na akiba yake, kwa sababu mafuta yenyewe ni mzigo, na mzigo hula mafuta.

Kutoelewa jambo hilo kumewahi kuua watu kwenye bahari yetu hii. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, safari namba 961, ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Vijana watatu wakaiteka na kumwamuru rubani, Kapteni Leul Abate, aipeleke Australia. Akawaambia mafuta hayafiki. Hawakumsadiki, kwa kuwa walikuwa wamesoma katika jarida la abiria kwamba ndege ya aina ile huweza kukaa angani saa 11. Jarida halikusema uongo. Lilikuwa likizungumzia ndege iliyojazwa. Hii ilikuwa imewekewa mafuta ya kufika Nairobi na akiba. Rubani akafuata pwani kuelekea kusini, kisha akageukia Komoro, na huko injini zikazima moja baada ya nyingine. Ndege ikajitupa majini mbele ya ufuo wa Mitsamiouli, Ngazija. Waliokuwamo ni 175, waliofariki 125. Miongoni mwao alikuwa Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Niseme na hili kwa sababu linatuhusu sisi tunaoruka juu ya maji kwenda Manda, Pemba na Unguja. Baadhi ya waliokufa Ngazija walikuwa wamejaza upepo majaketi ya kuokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yakawabana darini na mlango ukawa chini yao. Jaketi huvaliwa ndani, hujazwa nje.

Kuisha, na kutofika

Wachunguzi wa ajali hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaita kwa jina moja. La kwanza ni mafuta kuisha kabisa. La pili ni mafuta kuwamo lakini yasifike injini.

Hili la pili lina njia nyingi. Ndege nyingi ndogo zina tangi kwenye kila bawa, na swichi ya kuchagua ni lipi linalolisha injini. Rubani anasahau kuhamisha, tangi moja linakauka, injini inazima, na bawa la pili limejaa. Au mfuniko wa tangi haukukazwa. Bawa lina tabia ya kufyonza hewa kwa juu, basi mafuta hutoka yenyewe angani kama maji kwenye mpira. Au ni maji. Ndege ikilala nje Eldoret kwenye baridi ikiwa na tangi nusu, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya tangi, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini pale pale mafuta yanapochotwa. Ndiyo sababu asubuhi utamwona rubani ameinama chini ya bawa na kikombe kidogo cha plastiki. Anachuja. Petroli ya ndege hutiwa rangi ya buluu ili itambulike. Akiona tone lisilo na rangi likizunguka chini ya kikombe, ayamwage na kuchota tena. Kikombe hicho pia humwonyesha kama aliwekewa mafuta ya ndege za jeti kwa makosa. Hayo hufanana na mafuta ya taa, na injini ya pistoni ikiyapata inaweza kuruka vizuri kwa dakika chache kisha ikafa.

Kuna kisa cha Beryl Markham, aliyekulia Njoro karibu na Nakuru na kujifunza kuruka hapa hapa Kenya. Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, na akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Baada ya zaidi ya saa 20 injini ilizima, akaangukia kwenye kinamasi huko Baleine, Nova Scotia, pua ya ndege ikiwa matopeni. Inaelezwa kwamba barafu iliziba tundu za kupumulia tangi, mafuta yakakataa kushuka. Wanaomsifu husimulia ushujaa wake. Mimi hupendezwa zaidi na kile kitundu.

Kutoka Eldoret hadi Mombasa

Sasa tupige hesabu yenyewe, maana bila tarakimu haya yatabaki kuwa mawaidha. Tuchukue Cessna 172 ya mtindo wa zamani, ndege ya viti vinne ambayo pengine ndiyo iliyofundisha marubani wengi zaidi duniani. Tangi zake zikijaa, mafuta yanayoweza kutumika ni galoni 40 za Kimarekani, yaani lita 151. Tuseme inakwenda kilomita 200 kwa saa na kula lita 32 kwa saa. Kutoka uwanja wa Eldoret hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 690.

Kuwasha injini, kutembea chini na kupanda angani: lita 8. Safari yenyewe, saa tatu na nusu kasoro: lita 110. Mombasa ikifungwa, iwe kwa mvua au kwa ndege iliyokwama katikati ya njia ya kurukia, kwenda Malindi ni nusu saa: lita 16. Akiba ya mwisho ya nusu saa: lita 16 nyingine. Jumla ni 150, na tangi lina 151.

Kwenye karatasi imetimia. Lakini hapo hakuna upepo, na nani kati yetu amewahi kuiona pwani hii bila upepo? Mombasa iko kusini mashariki ya Eldoret, na kusi huvuma kutoka huko huko. Wazee wetu wa majahazi waliuita upepo wa namna hii mbisho, unaokuja na omo. Ukiwa wa kilomita 35 tu kwa saa, si dhoruba, kasi ya ndege juu ya ardhi hushuka hadi 165. Safari ya saa tatu na nusu inakuwa ya saa nne na dakika kumi, na mafuta ya safari yanatoka lita 110 hadi 134. Jumla sasa ni 174. Tangi halijaongezeka.

Mtego wenyewe uko katika safari ya kwenda na kurudi. Rubani akitoka Mombasa kwenda Eldoret kusi kiko mgongoni mwake, anafika kwa saa tatu kasoro, amekula lita 94. Anafurahi, anasema ndege hii haili. Siku ya kurudi, njia ile ile, ndege ile ile, inataka lita 40 zaidi. Nahodha wa jahazi asingefanya kosa hili. Alijua kwamba umbali wa Basra si mmoja kwa kaskazi na kwa kusi, akasubiri msimu. Tena upepo wa juu si lazima ufanane na ule unaotikisa minazi. Rubani hupata utabiri wa upepo wa kila kimo kutoka idara ya hali ya hewa, na ndio anaopaswa kuutumia.

Dawa yake wala si ngumu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu kabisa na mstari huo: kilomita 260 kutoka Eldoret, kisha 430 hadi Mombasa. Ukitua Wilson ukaongeza mafuta hupotezi hata kilomita tano. Unapoteza muda, ada ya kutua, na labda fahari ya kusema umekwenda moja kwa moja. Ila piga simu kabla ya kuondoka. Petroli ya ndege za pistoni haipatikani kila kiwanja kama yanavyopatikana mafuta ya jeti, na mpango wa safari uliojengwa juu ya pampu iliyo kavu si mpango.

Zipo na hasara nyingine ambazo hazimo katika hesabu yangu. Ukanda huu wa juu, kutoka hapa kwenda Nandi na Kericho, hujenga mawingu ya radi alasiri, na kule kwenye majani chai hunyesha hadi mvua ya mawe. Kuzunguka wingu moja ni dakika kumi. Milima ya Aberdare, ambako Juni 5, 2018 ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga mlima na kuua watu wote 10, haiachi nafasi ya kupita chini ya mawingu kwa kubahatisha. Rubani mwenye mafuta ya ziada anaweza kuamua kurudi au kuzunguka. Mwenye mafuta ya kutosha tu ameshaamuliwa.

Kisha kuna kile kifundo chekundu. Katika chumba cha rubani cha ndege hizi kuna kifundo cha kupunguza mafuta yanayochanganyika na hewa. Rubani aliyesomea Malindi au Ukunda, karibu na maji ya bahari, huzoea kukiacha mbele kabisa wakati wa kuruka. Huku juu hewa haitoshi kuyaunguza mafuta yote hayo. Injini hukohoa, nguvu hupungua zaidi, na mafuta hutoka na moshi. Asipokirudisha nyuma kwa kipimo, zile lita 32 kwa saa za kitabuni hazitakuwa 32.

Na asitegemee geji. Geji za mafuta za ndege hizi za zamani hucheza kama za matatu za zamani. Kipimo cha kweli ni kijiti kinachotumbukizwa tangini kabla ya kila safari, halafu saa ya mkononi. Vipimo navyo vina fitina yao: galoni ya Kimarekani ni lita 3.785, ya Kiingereza ni 4.546, na vitabu vingine huandika ratili. Julai 1983 ndege kubwa ya Air Canada iliishiwa mafuta katikati ya safari kwa sababu ratili na kilo zilichanganywa wakati wa kuijaza. Marubani waliitelezesha bila injini hadi Gimli, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi, na hakuna aliyekufa. Kama watu wa ndege kubwa wamekosea hesabu hiyo, mwenye ndege ya viti vinne asione haya kuipiga mara mbili.

Sheria inataka nini

Kanuni za Kenya zinafuata zile za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Anayeruka mchana kwa kutazama nje kwa macho lazima apange kufika aendako akiwa na mafuta ya kuruka dakika 30 zaidi; usiku, dakika 45. Akiba hiyo si ya kutumia. Imewekwa ili isiguswe. Rubani akiona kwamba akicheleweshwa kidogo tu atakaribia kuigusa, huwaambia waongozaji ndege maneno mawili, "minimum fuel". Akiona kwamba atatua akiwa ameshaigusa, hutangaza "mayday fuel", na hapo ndege nyingine zote humpisha. Wako wanaoona haya kusema maneno haya redioni kwa kuogopa kuulizwa maswali wakishatua. Kwa maoni yangu dakika 30 ni kidogo kwa nchi yetu, ambamo kiwanja cha jirani kinaweza kuwa na ng'ombe katikati. Mpwa wangu anayesomea urubani anasema mwalimu wao hawakubalii chini ya saa nzima, na nimempenda mwalimu huyo kabla ya kuonana naye.

Mwanga pia uhesabiwe. Viwanja vidogo vingi havina taa, na huku kwetu giza huingia upesi jua likishazama. Anayetoka Eldoret kuja pwani hukimbilia giza. Kila aliyefunga Ramadhani anajua kwamba Magharibi ya Mombasa hutangulia ya Eldoret kwa robo saa hivi, pengine zaidi kidogo kwa misimu mingine. Rubani aliyepima jua la Eldoret amejikopesha robo saa ambayo hana.

Abiria ana sehemu yake

Lita 151 za petroli ya ndege zina uzito wa kilo 109 hivi. Cessna yetu inaweza kubeba karibu kilo 370, mafuta, watu na mizigo yote ndani. Ukitoa mafuta, zimebaki kilo 261: watu watatu wa kilo 80 kila mmoja na mabegi mepesi. Kiti cha nne kipo, lakini anayekikalia amekalia mafuta ya mtu.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Mtu anakodi ndege na wenzake, amesema watakuwa watatu, anafika na wa nne kwa kuwa shemeji naye ana msiba huko huko. Mwingine aliandika kilo 75 na kila mtu anaona ni 95. Wa tatu amebeba katoni ya samaki wa kupelekea wenyeji, au akitoka huku, gunia la viazi na madumu mawili ya mursik. Rubani kijana, ambaye bosi wake anataka safari isivunjike, ana njia tatu: akatae abiria, aache mzigo, au apunguze mafuta. Mbili za kwanza zina kelele.

Kwa hiyo taja uzito wako wa kweli, na wa mizigo, unapokata nafasi na si kwenye kiwanja. Ukiambiwa sanduku linabaki, libaki, hata kama lina zawadi za harusi. Ukiambiwa tutatua Wilson kuongeza mafuta, usigune. Rubani akisema hatuondoki leo, usimkumbushe kwamba unazikiwa mtu saa kumi. Wanaozika watazika, na wewe utafika kwenye hitima. Na una haki ya kumuuliza kabla ya kupanda: tuna mafuta ya saa ngapi, na safari ni ya saa ngapi? Anayejua kazi yake atajibu papo hapo kwa saa na dakika. Akikujibu kwamba yanatosha, inshallah, muulize tena. Sote tulifundishwa chuoni habari ya ngamia, kwamba kumfunga kulitangulia kutawakali.

Ukiona jambo lisilo sawa, kama ndege iliyopakiwa kupita kiasi au rubani aliyelazimishwa na mwenye ndege, wa kuambiwa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, inayotoa leseni za marubani na vibali vya kampuni. Ajali ikishatokea kazi huwa ya idara nyingine, AAID, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Hiyo huchunguza ili kujua sababu, si kumtia mtu hatiani, na ripoti zake zinapotolewa kwa umma zinasomeka na mtu yeyote mwenye subira. Miongoni mwa yanayotafutwa ni karatasi moja: ile iliyoandikwa uzito wa kila abiria na lita zilizokuwa tangini wakati ndege inaondoka.